Kila Safari Ikifika Muthaiga

Niseme mapema kwamba hakuna aliyenishurutisha. Nilinunua Peugeot 504 kwa hiari yangu, akili zikiwa timamu, kwa sababu mwaka wa 1975 na wa 1978 magari ya aina hiyo yalishinda mbio za Safari Rally, nami nikajiaminisha kwamba ukoo uliostahimili matope na mawe ya nchi hii hautashindwa na lami ya kutoka Kasarani hadi katikati ya jiji. Mama Wanja aliniuliza swali moja tu: "Baba Wanja, na mwenyewe anauza kwa nini?" Sikumjibu.

Siku ya kwanza nililipeleka Barabara ya Kirinyaga, ambayo sisi wazee bado huiita Grogan, nikalinunulia zawadi: kifuniko kipya cha tangi, chenye kufuli, kinachong'aa kama sufuria ya harusi, maana mtaani kwetu wapo vijana wanaofyonza petroli ya watu usiku kwa mpira. Muuzaji aliniapia kwamba hata harufu haitapenya.

Kesho yake gari lilizimika Muthaiga. Lilikohoa mara mbili, likanyamaza katikati ya barabara, na makanga wa matatu iliyokuwa nyuma yangu akatoa kichwa mlangoni: "Mzee, Makumbusho ya Taifa yako hapo mbele, sukuma kidogo tu!" Nilikaa robo saa nikijifanya ninaongea kwa simu, nikawasha tena, nalo likanguruma kana kwamba hapakuwa na neno.

Fundi wa kwanza alisema ni tangi, na sikuweza kumbishia, kwa kuwa alipolishusha na kulimimina, petroli ilitoka na rangi ya chai kavu, huku chini kukibaki kutu laini kama ugoro. Gari likisimama miaka na tangi nusu, unyevu huingia, unyevu huzaa kutu, na kutu husafiri hadi kwenye chujio. Alitia kokoto ndani, akawaita vijana wawili walitikise kama kayamba tangu saa tatu hadi adhuhuri, mtaa mzima ukidhani kuna arusi. Shilingi 9,000. Siku iliyofuata, Muthaiga.

Wa pili alilaumu pampu, akanionyesha kiwambo cha mpira kilichopasuka, akabadilisha na mipira yote ya mafuta. Shilingi 7,500. Muthaiga.

Wa tatu alikuwa msomi. Aliifungua kabureta juu ya gazeti, akapanga jeti zake zenye matundu madogo kama macho ya siafu, akawa anazipuliza moja moja kwa kinywa, akitema petroli na kunihutubia: kwamba Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwamba hewa yetu ni nyepesi, na kwamba gari lililopimiwa Mombasa likipanda huku hunywa kupita kiasi. Nakiri kwamba baada ya hapo gari lilipunguza kunywa, ingawa yeye hakupunguza bei. Shilingi 11,000. Muthaiga tena, na makanga yule yule, ambaye sasa alinisalimu kwa cheo: "Mkurugenzi wa Makumbusho, habari ya asubuhi?"

Safari hiyo nilijikokota hadi kituo cha mafuta, nikampa binti mhudumu ufunguo. Alipokizungusha kifuniko, kilisonya kwa mlio mrefu, kama shangazi aliyenyimwa nyama. Binti akakigeuzageuza mkononi.

"Mzee, hiki hakina tundu la hewa. Petroli inatoka na hewa haiingii. Pampu itavuta nini?"

Nilimweleza kwamba kimetengenezwa hivyo makusudi, ili harufu isipenye, na kwamba kina kufuli. Alinitazama kwa upole ambao watu huuweka kwa ajili ya wagonjwa.

Kifuniko cha zamani kilikuwa kwenye buti, chini ya gurudumu la akiba, nilikokitupa siku ile ya zawadi: cheusi, kimebonyea, na katikati yake tundu lisilopitisha zaidi ya sindano. Jana nilipita Muthaiga bila kusimama, nikampungia mkono makanga wangu, ambaye kwa kweli alionekana kuhuzunika. Mama Wanja nimemwambia ilikuwa kabureta.