Aliyekosa uuguzi aangalie maabara

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hapa Mwanza wazazi huanza kupanga: mwenye alama za juu udaktari, anayemfuata uuguzi, na aliyebaki "atafutiwe chochote pale hospitali ya Bugando". Hicho chochote ndicho kinachoniudhi. Humo wamerundika maabara, radiolojia, famasia, utunzaji wa kumbukumbu na ufundi wa vifaa tiba, kazi zisizodai leseni ya uuguzi lakini zikikosekana daktari anabaki kubahatisha.

Kwa kanda hii, mimi namwelekeza kijana maabara bila kusita. Tunaishi na kichocho. Wavuvi na watoto wanaoogelea ziwani hupata cha tumbo. Ukienda ndani, kwenye malambo na madimbwi, utakutana zaidi na cha kibofu. Kipimo cha kile cha tumbo kinategemea mkono na jicho. Choo kinachujwa kwenye wavu mwembamba, kinajazwa kwenye tundu la kibao linalobeba miligramu 41.7, kinafunikwa juu ya slaidi ya kioo kwa selofani iliyolowekwa gliserini. Ndipo mtaalamu anainamia hadubini na kuhesabu mayai ya minyoo ya kichocho, kila moja na mwiba wake ubavuni (la kibofu, linalotafutwa kwenye mkojo, mwiba wake uko nchani). Anazidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Na asichelewe: mayai ya minyoo ya safura kwenye slaidi hiyohiyo hufifia mapema, na mgonjwa akaambiwa hana kitu. Kazi ya namna hii mtu anaiitaje "chochote"?

Ila tusidanganyane. Leseni ya uuguzi si lazima, lakini usajili wa taaluma yako ni lazima. Maabara ina baraza lake, famasia lake, radiolojia vilevile. Kuna vyuo vya uchochoroni vinavyoahidi ajira baada ya kozi ya miezi michache. Kabla baba hajauza ng'ombe kulipa ada, hakikisheni chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na kozi yenyewe pia. Wengi huishia kuuliza jina la chuo tu.

Kwa maabara, kemia na baiolojia hazikwepeki. Aliyeangukia hapo lakini fizikia na hisabati anazimudu, asikate tamaa. Ufundi wa vifaa tiba unafundishwa DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Ni mbali, najua, na nauli si mchezo. Lakini mashine ya hospitali ikizima, muuguzi na daktari wote wanamsubiri yeye.