Nakala ya Arusha

Mbukwenyi jamani. Najua mmeshasikia, maana rafiki yangu tuliyekuwa naye Mpwapwa amerusha sauti kila grupu. Eti nimekula hebaria nzima, yaani ghala zima la mimea iliyokaushwa kwa kumbukumbu. Muongo! Ni mmea mmoja tu, tena ulikolea chumvi.

Mmea wenyewe ni ufuta mwitu, Sesamum angustifolium, wenye ua la rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Niliutoa msituni Kiboriani, nikaubana ndani ya magazeti na makadibodi, nikakaza mikanda, nikauweka barazani kwa Bibi tuliyefikia kwake. Magazeti nayabadilisha kila mara usiote ukungu. Bibi ananitazama tu, ananionea huruma.

Mchana tukakaa kula: mimi, msimamizi wangu wa chuo, mwenyekiti wa kijiji na huyo mmbea. Ugali wa uwele na mlenda. (Kama hujawahi kula mlenda wa Dodoma, pole yako.) Nikanogewa, nikaanza kumpa mwenyekiti habari za Burtt, yule Mwingereza aliyekusanya mimea Kondoa enzi za utafiti wa mbung'o, akafa kwa ajali ya ndege karibu na Singida mwaka 1938, na mimea yake ipo kwenye hebaria ya Kew, London, hadi leo.

"Mmea ukibanwa vizuri," nikasema, tonge mkononi, "wajukuu wataukuta."

Nikachovya. Nikatia mdomoni. Mlenda ukavutika, ndiyo kawaida yake. Nikazungusha mkono niukate. Haukatiki. Nikazungusha tena. Umekaza. Nikauuma, ukanasa kwenye jino. Mwenyekiti ameacha kutafuna. Nikaushika kwa vidole viwili, nikavuta polepole, unakuja, unakuja... uzi. Uzi wa kushonea! Na mwisho wake kikaratasi kinachuruzika ute. Nikakifuta kwa dole gumba. Mwandiko wangu. Namba yangu ya ukusanyaji, niliyoufungia ule mmea.

Namba hizo tunaandika kwa penseli kwa sababu wino hutawanyika ukilowa. Penseli, ndugu zangu, hata magadi haiyaogopi.

Sijakificha sawasawa, msimamizi akakohoa. Akaingiza kidole mdomoni, naye akatoa cha kwake. Namba ileile! Mmea mmoja ukikatwa sampuli kadhaa, zote hubeba namba moja: nakala moja inabaki chuoni, nyingine inakwenda Hebaria ya Taifa, Arusha. Mzee wa watu akakiinua juani, akakisoma, akauliza kwa upole uliozidi matusi:

"Hii ndiyo ya Arusha?"

Bibi akatokea jikoni na bakuli la nyongeza. "Mjukuu wangu, mlenda mzuri vile unaufungia magazetini uozee? Nimeuwahi."

Rafiki yangu alishaanguka chini kwa kicheko, lakini simu ameishikilia juu, inarekodi.

Basi, tukarudi Kiboriani, Bibi mbele, nikapata mwingine, umeshabanwa, na safari hii mikanda ina kufuli. Kwenye lebo kuna sehemu ya matumizi ya mmea. Nikaandika: "Mboga. Majani hupikwa kwa magadi." Msimamizi akaninyang'anya penseli, akaongeza: "Imethibitishwa."