Jembe Liache Kwanza

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime." Kwa watu wazima wanaogombea mali, sina neno. Ila mtoto wa miaka sita anajificha nyuma ya mlango kila kaka yake akirudi, na bado kuna mtu mzima anasema "utoto tu huo, watapatana". Hapo naudhika.

Haya, watoto wa tumbo moja hugombana, na ugomvi mwingine una faida zake. Nakubali, shingo upande. Lakini kwenye ugomvi leo analia huyu, kesho yule. Akilia yuleyule kila siku, huo ni uonevu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba watoto wa miaka 12 walioonewa na ndugu zao mara kadhaa kwa wiki walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kuwa na sonona walipofika miaka 18. Utoto tu, siyo?

Kinachoharibu zaidi ni kile kikao cha upatanisho. Wawili wanasimamishwa mbele ya mzazi: "Nani kaanza?" Mdogo anamtazama mkubwa kwanza, ndipo anajibu. Ulitegemea aseme nini, na usiku analala chumba kimoja na huyo anayemshtaki? Kisha "haya, mwombe msamaha mwenzako, kumbatianeni". Mkubwa anakumbatia huku anaminya bega. Mdogo ameshajua kwamba kusema kunamponza, kwa hiyo ananyamaza, na sisi tunajisifu kuwa nyumba imetulia.

Msikilize mdogo peke yake. Usimkalishe uso kwa uso kama polisi. Kunjeni nguo pamoja, mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka. "Kwa nini unamchukia kaka yako?" liache, hata mtu mzima lingemshinda. Uliza mahali na wakati: "Ukiwa wapi ndiyo hutaki awepo?" "Huwa anafanya nini kabla hujaogopa?" Mara nyingi majibu yataangukia saa ambazo hakuna mtu mzima karibu: baada ya shule, au taa zikishazimwa. Basi rekebisha saa hizo: abadilishiwe pa kulala, awepo mtu. Ukienda kwa mkubwa, usiseme "mdogo wako kaniambia". Kachunguze mwenyewe kwanza, ili useme "nimeona".

Woga na kinyongo havionekani sawa. Mwenye woga huweza kurudia kukojoa kitandani, hung'ang'ania nguo yako ukitaka kutoka, hucheka utani wa mkubwa usiochekesha. Mwenye kinyongo, daftari la dada yake linakutwa limechanwa na hakuna anayejua lilichanikaje. Ukikimbilia kuadhibu kwa sababu ya daftari, umemthibitishia kwamba uko upande wa mkubwa.

Na kinyongo hicho mara nyingi tunakipanda sisi. "Wewe ndiye mkubwa, nikirudi nikute wametulia." Mtoto wa miaka 12 kapewa uaskari bila mafunzo, halafu tunashangaa anatumia makofi! Amfunge mdogo wake viatu, amsaidie hesabu, sawa. Kuadhibu na kunyang'anya vibaki kwa mtu mzima. Mdogo atadeka? Adeke.

Mkubwa naye ana yake. Msikilize siku nyingine, peke yake vilevile. Kukumbatiana kusikupumbaze. Mambo yameanza kukaa sawa siku utakayomsikia mdogo akibishana naye kwa sauti, wewe ukiwa chumba kingine.