Unacheka wapi, na unamcheka nani

Kijiweni Mwanjelwa, hapa Mbeya, jamaa mmoja tunayekunywa naye kahawa alituambia kwamba ukitaka kumjua mtu usimuulize kazi wala dini, muulize ni komedi gani anairudia kila akipata nafasi. Anayempenda King Majuto, alidai, anaamini maisha ni ujanja. Anayempenda Mr. Bean ni mpweke. Wa Aki na Ukwa, wale Wanaijeria wawili wafupi, bado hajakua. Wengi waliitikia. Mimi nakubaliana naye nusu tu.

Nusu hiyo niliipata Njombe, mwezi wa saba, baridi ile ya kujikunyata kuzunguka jiko la mkaa. Kijana wa nyumba alituwekea The Gold Rush, filamu ya Charlie Chaplin ya mwaka 1925, ile ambayo njaa inamfanya achemshe kiatu na kukila. Kamba anazizungusha kwenye uma kama tambi, misumari anainyonya kama mifupa ya kuku. Watoto walicheka hadi machozi. Shangazi, mwiko mkononi, hakucheka. Alisema, "Huyu njaa anaijua." Habari za Chaplin hakuwa nazo hata chembe, lakini alipatia: yule bwana alizaliwa 1889, akakulia London katika ufukara, na akiwa na miaka saba alikwishapelekwa kwenye nyumba ya mafukara. Shangazi alicheka mara moja tu, pale mwenzake Chaplin anapobadilisha sahani ili apate kipande kizuri cha kiatu. Hapo alipiga kofi. Njaa ya mtu haikumchekesha, uroho ulimchekesha. Aliyemfahamu shangazi, aliyelea watoto wa ndugu zake kwa shamba moja la viazi, asingeshangaa. Kwa hiyo ndiyo, kicheko kinaweza kumtaja mtu.

Lakini filamu yenyewe? Hapo ndipo ninapoachana na jamaa yangu. Wengi wetu hatukuchagua. Tuliingia kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, tukabanana kwenye mabenchi, tukatazama kilichowekwa. Na mara nyingi filamu ilikuwa imetafsiriwa na watu kama Lufufu, wenye sauti na mbwembwe zao, hata tukitoka nje tunakumbuka maneno ya mtafsiri kuliko ya mwigizaji. Mtu wa namna hiyo akisema anaipenda filamu fulani, kuna uwezekano mkubwa anampenda mtafsiri. Mr. Bean naye, tangu aanze kwenye televisheni mwaka 1990, hazungumzi ila kidogo sana, kwa hiyo anaeleweka Makambako sawasawa na Uingereza. Tukiwaita wote wanaomcheka wapweke, tutajaza nchi.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunapaswa kulijua kuliko wengine: kucheka kunafundishwa. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Msibani mtani anaweza kulizuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Mgeni akiona angesema hawa hawana uchungu. Angekosea kabisa. Kicheko kile ni cha desturi, na kinabeba uchungu uleule. Nadhani ndiyo sababu wengi wetu hatuoni ajabu komedi inapogusa kifo au deni.

Niliporudi Mwanjelwa nilimuuliza yule jamaa, wewe je, yako ni ipi? Akasema ni ya Majuto, moja ya zamani, CD yake imekwaruzika hata picha inagandaganda. Nikamuuliza kama basi naye anaamini maisha ni ujanja. Akanyamaza, akazungusha kikombe. Akasema walikuwa wakiitazama na baba yake, na Majuto alipofariki Agosti 2018 mzee alikuwa bado hai, wakaiweka tena usiku ule. Sasa mzee hayupo. Kuna mahali, alisema, baba yake alikuwa akipiga paja kabla hata kichekesho hakijafika, kwa kuwa alishakijua. Akiitazama peke yake, pakifika hapo huwa anapunguza sauti.