Eti "udongo tu"

"Mama, si udongo tu huu? Punguza basi."

Aliyesema ni kaka mmoja aliyeteremka kwenye gari la kiyoyozi, Jumamosi, kwenye gulio la vyungu Lyulilo, jirani kabisa na Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Mama wa Kikisi, muuza vyungu, hakupandisha sauti. "Huko nyuma umejaa, baba. Kachote wa bure." Nilicheka. Kisha nikakasirika, na hasira haijaisha hadi leo.

Udongo tu! Haya, chukua koleo tuone. Udongo wa mfinyanzi hauchotwi popote. Unachimbwa, unalowekwa, unatolewa mizizi na vijiwe, unakandwa mpaka mabega yaume. Kisha mama anaweka bonge juu ya kigae kipana; mkono mmoja unazungusha kigae, mwingine unavuta udongo juu. Tunaimba kila siku kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Mbona hatusemi kwamba hufinyangia humo humo? Hakuna mashine, hakuna rula, lakini panga vyungu sita uone kama midomo inapishana. Baada ya hapo ni kusugua kwa kokoto laini hadi chungu king'ae, rangi nyekundu, mistari myeupe.

Bado hajamaliza. Mdomo hukauka kabla ya kitako, na jua likiwa kali pande hizo mbili huvutana, ufa huo. Kwa hiyo kivulini, siku kadhaa, bila papara. Halafu moto wa wazi: unyevu uliobaki ndani ya ukuta ukigeuka mvuke ghafla, chungu kinalipuka na kazi yote inakuwa vigae. Hicho kilicholipuka kaka hakukiona. Alikiona kilichopona, kikasafiri kwa mtumbwi kutoka Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, akakiita udongo.

Sawa, sufuria ni nyepesi na inachemka upesi. Hata mimi ninazo.

Na nikiri: chungu changu cha kwanza nilikiua mwenyewe. Nilikiepua maharage yakitokota, nikamimina, nikakitumbukiza kwenye maji baridi. Pa! Nikalalamika nimeuziwa kibovu. Mama mdogo akanitazama: "Na wewe ukitoka jikoni hivyo nikutose mtoni?" Kigae cha chungu hicho kipo uani, kuku wanakinywea.

Yule kaka alipunguziwa, akanunua viwili. Akavipakia nyuma ya gari, chini ya kreti la soda.