Kula mimea tu ni sawa, lakini B12 itajwe

Mimi sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, na sina mpango wa kurudi huko. Ninayoyasema hapa hayatoki kwa mtu anayewabeza wanaokula mimea tu. Yananiuma kwa sababu ni ya kwetu: kwenye semina za afya makanisani na kwenye makundi ya WhatsApp watu wanahimizwa kuacha kila kitokanacho na mnyama, wanatajiwa faida moja baada ya nyingine, na vitamini B12 haiguswi kabisa.

Mengine hayanipi wasiwasi. Anayeuliza protini utaitoa wapi hajaitazama vizuri sufuria ya kwao: maharage, kunde, choroko, dengu, njugu mawe, mbaazi za nazi. Wimbi ina kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele, na kalsiamu ya sukuma wiki mwili huipata kwa urahisi kuliko ile ya mchicha. Madini ya chuma ndiyo yanataka akili kidogo. Chai ya rangi ukiinywa papo hapo na ugali na maharage, inazuia sehemu kubwa ya chuma cha mlo ule. Isogeze mbele saa moja au zaidi, na mezani weka kachumbari ya nyanya iliyokamuliwa ndimu, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Maharage yaloweke usiku kucha, maji yale uyamwage.

B12 ni habari nyingine. Inatengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia vyakula vya wanyama. Mchicha hauna, maharage hayana, mlonge hauna. Wapo wanaouza unga wa spirulina, aina ya mwani, kama dawa ya tatizo hili, lakini kilichomo humo kwa sehemu kubwa ni kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba ini huweka akiba ya vitamini hii, na kwa mtu aliyekuwa akila nyama akiba hiyo huweza kudumu miaka kadhaa. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu aliyebadilisha mlo mwaka jana na anajisikia mwepesi hauthibitishi lolote. Tena mboga za majani na kunde zimejaa foleti, vitamini nyingine ya kundi la B, ambayo inaweza kuficha upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Mtu anaanza kuhisi ganzi vidoleni, anasahausahau, anayumba akitembea gizani. Akichelewa, madhara mengine hayarudi nyuma.

Sasa fikiria ni nani hasa wanaoacha nyama huku kwetu. Wengi ni wagonjwa wa kisukari walioambiwa mimea itawasaidia, na ni kweli inaweza kuwasaidia. Lakini wengi wao wanameza metformin, dawa ambayo ikitumika kwa muda mrefu hupunguza ufyonzaji wa B12. Mzee wa namna hiyo akilalamika miguu inawaka moto na kufa ganzi, nyumbani wote wanasema ni sukari. Inaweza kuwa sukari. Inaweza pia kuwa B12, na hiyo ina tiba. Amwambie daktari mambo mawili kwa pamoja, kwamba anatumia metformin na kwamba hali chochote cha mnyama, kisha aombe kipimo.

Mama mjamzito na anayenyonyesha ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu mtoto mchanga hana akiba ya kutosha. Mama akipungukiwa, maziwa yake nayo yanapungukiwa, na ubongo wa mtoto unaumia mapema. Huyu asisubiri dalili.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Kwa vile mwili hufyonza kidogo kidogo, asiyekula vyakula vilivyoongezewa B12 hushauriwa kumeza kidonge chenye angalau mikrogramu 10 kila siku, au cha mikrogramu 2,000 mara moja kwa wiki. Ukifika duka la dawa, omba B12 peke yake. Mara nyingi utapewa mchanganyiko wa B1, B6 na B12 unaouzwa kwa maumivu ya mishipa. Huo usiufanye wa kila siku mwaka mzima bila ushauri wa daktari, kwani B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo huleta ganzi ileile unayoikimbia.