Sekunde thelathini tu, jamani

Hivi mtu akikaa kimya nyuma ya kamera usiku, kwani ametundika kibao cha "karibuni mniulize"?

Jana nilikuwa Tanga, pale Bustani ya Jamhuri, stendi ya miguu mitatu nimeikita kuelekea bandarini. ISO 100, yaani kamera isiwe kali kwa mwanga, tundu la lenzi dogo la f/11, na kamera inanasa mwanga kwa sekunde 30 mfululizo. Hesabu hiyo ndiyo inayoyalaza maji yakawa kama kitambaa cha hariri, na taa za meli zikadondosha michirizi mirefu ya dhahabu. Kamera sikuigusa, pumzi nimeibana.

Sekunde ya ishirini na mbili, bodaboda huyo! Kasimama mbele yangu, taa full, injini inanguruma. "Kaka, twende Raskazone?" Raskazone na stendi begani? Picha nzima imekuwa nyeupe kama tui.

Nikaanza upya. Safari hii kaja mzee mmoja, mpole kweli, kaegemea stendi yangu utadhani nguzo ya baraza. "Shikamoo mzee, naomba usiishike." "Marahaba mwanangu, mbona hailii? Imekufa?" Ikabidi nimweleze kwamba haijafa, kioo kimezima kwa sababu inasafisha chengachenga za picha, na kazi hiyo nayo inakula sekunde 30 nyingine. Akacheka, akawasha tochi ya simu aichungulie vizuri.

Ndani ya lenzi.

Saa nzima, picha moja. Nayo ina ngalawa iliyoyumba na mawimbi mpaka ikaonekana na matanga mawili.